Mwaka na miezi minne nadaka mawazo kabla hayajanibeba (uzi mrefu, njoo na kiti)

#1 Kobe Mzee

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahidi kwenye komenti sijui mara ngapi na kila siku naupiga danadana, leo naushusha wote, kama huna muda pita tu usije ukaanza kulalamika ni mrefu.

Nianze na meseji moja. Usiku, saa nne kasoro, nishazima taa, simu ikalia. Bosi. "Kesho ukifika pitia ofisini kwangu." Basi. Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna sababu. Sasa sikilizeni kichwa changu kilivyopiga kazi: dakika ya kwanza, nimekosea nini? Dakika ya tatu nishakumbuka ripoti ya wiki iliyopita nilivyoituma bila kuipitia mara ya pili. Dakika ya kumi nishafukuzwa, nyumba nishahama, nipo napanga maneno ya kumwambia mama na mama mwenyewe nishamuona anavyonyamaza. Na mwili nao unaamini! Moyo mbio, tumbo limekaza, jasho mgongoni, kwa kitu ambacho hakipo popote duniani isipokuwa katikati ya masikio yangu mawili. Nililala saa tisa.

Asubuhi nikaenda, nikamsikiliza, nikatoka. Nikasimama pale koridoni nikajiuliza, hivi usiku kucha nilikuwa nagombana na nani?

Na msidhani nilikuwa sijui habari za "kuwa chanya". Nishafanya yote hayo. Kujisemesha kwenye kioo kila asubuhi "mimi ni mshindi, mimi ni mshindi" huku sura inayonitazama imevimba macho kwa kukosa usingizi, yani unaona kabisa yule wa kwenye kioo hanunui hiyo stori. Nikawa nazidi kujisikia hovyo nikajua mi ndo nina kasoro. Baadae sana nikasoma kwamba mwaka 2009 mwanasaikolojia mmoja wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, Joanne Wood, yeye na wenzake walilipima jambo hilohilo, wakawapa watu sentensi ya kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wanajikubali tayari iliwasogeza kidogo. Wasiojikubali, yani wenye shida yenyewe, wakaishia kujisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuambiwa warudierudie chochote. Nilicheka peke yangu. Kumbe kichwa ukikiambia kitu kisichokiamini kinakujibu, na kina mdomo mchafu.

Kwahiyo nasema mapema ili mtu asipoteze bando lake, huu uzi sio wa kufukuza mawazo mabaya. Ninachofanya mimi ni kudaka wazo likiwa linaingia, kabla sijapanda nalo. Hayo mengine yote ni mazoezi ya hicho kitu kimoja.

Naendelea chini, msinikatize.

#2 Kiroboto77

Nakukatiza. Hiyo ya kioo mkuu umenigusa, mimi mpaka wife akauliza naongea na nani bafuni 😂 nimeweka kambi hapa.

#3 Kobe Mzee

😂😂 pole sana. Haya.

Kwa nini kufukuza hakusaidii. Jaribu sasa hivi ulipo, usimfikirie dubu mweupe. Ushamuona eeh? Kuna Mmarekani Daniel Wegner, 1987 alitoa majibu ya jaribio lake, watu wanakaa dakika tano wameambiwa wasimfikirie dubu mweupe na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa za kutosha. Kibaya zaidi, baadae walivyoruhusiwa kumfikiria wakamfikiria kuliko wale walioruhusiwa toka mwanzo. Mi nalielewa hivi: umeajiri mlinzi umemwambia fulani asiingie getini, sasa yule mlinzi si lazima ashinde na picha ya huyo fulani mkononi siku nzima? Ndo kinachotokea ukijiambia "sitaki kuwaza ile ishu".

Zoezi langu la kwanza ni la kijinga kabisa. Asubuhi kabla sijashika simu nakaa kitako, dakika kumi, nahesabu pumzi inayotoka mpaka kumi, nikifika narudi moja. Siku ya kwanza ilikuwa hivi: moja... mbili... tatu... nne hivi jamaa alishanijibu... ameona meseji toka jana... yani mtu anaona anakaa kimya... hapana nikikutana nae namwambia, namwambia hivi, "we bwana"... kumi na saba.

Kumi na saba! Na mwisho ni kumi. Nimevuka mwisho, nimemtukana mtu, nimeshinda ugomvi, na bado nahesabu.

Wiki tatu nilikuwa najiona nimefeli, nikitoka pale nimekasirika kuliko nilivyokaa. Alafu siku moja ndo ikanigonga, kumbe ile sekunde ya "alaa, niko kumi na saba" ndo zoezi lenyewe. Hiyo ndo pushapu. Kutulia sio pushapu, kutulia ni kulala chini. Ukizurura mara ishirini ukarudi mara ishirini umepiga pushapu ishirini. Toka hapo sikuchukia tena kuzurura, nikawa nakusubiri kabisa, kama mtu anayevizia panya.

Na wala usijione wa ajabu ukizurura. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitumia programu ya simu kuwashtukiza watu 2,250 katikati ya shughuli zao, unafanya nini saa hii, unawaza nini, unajisikiaje. Asilimia 46.9 ya majibu akili haikuwa kwenye kile mtu anachofanya. Karibu nusu ya maisha ya macho! Na waliozurura walikuwa na furaha ndogo kuliko waliokuwepo, mpaka waliozurura kwenye mambo mazuri hawakuwazidi kitu waliobaki kwenye kazi zao za kawaida. Hiyo ya mwisho ndo ilinishangaza, mi nilidhani ndoto za mchana ni starehe ya bure.

Zoezi la pili, kulipa jina. Na hapa ndo napenda kuliko pote. Ukimuuliza mtu una nini anakwambia "nina stresi". Stresi ndo nini? Lugha yetu ina fadhaa, ina simanzi, ina kinyongo, gere, soni, hamaki, kihoro, unyonge, sisi tumeyaacha maneno yote yale yanaota kutu stoo kila kitu tumekiita stresi. Ni kama kwenda kwa daktari ukamwambia naumwa mwili. Kuna siku nimeshinda na "stresi" toka asubuhi, jioni nikakaa nikajiuliza taratibu, hii ni fadhaa? Hapana. Kinyongo? Hapana. Ni gere. Mwenzangu tuliyeanza nae kazi siku moja kapandishwa cheo na mimi nimempa hongera kwa meno yote thelathini na mawili. Nilivyolitaja tu, gere, nikasikia mabega yanashuka. Aibu nilipata, lakini mabega yalishuka.

Sio uchawi. Matthew Lieberman wa UCLA, chuo kikuu kimoja cha Marekani, yeye na wenzake 2007 waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakawaonyesha sura zenye hasira na hofu. Wakiitaja kwa neno ile hisia wanayoiona, sehemu ya ubongo inaitwa amigdala, ile inayopiga king'ora cha hatari, inapunguza kelele.

La tatu ni daftari, ila nimechoka kuchapa, kesho.

#4 Fundi Redio

Mkuu heshima yako, ila haya ni mambo ya watu walioshiba. Mtu ana kodi ya nyumba, ana deni, ana mgonjwa nyumbani, wewe unamwambia akae ahesabu pumzi. Deni halihitaji kuhesabiwa pumzi linahitaji kulipwa. Tusidanganyane.

#5 Kobe Mzee

Fundi nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Deni halipungui ata shilingi kwa kupumua, na anayewauzia watu kwamba ukiwaza vizuri mambo yatajipa nae namuogopa kama wewe. Mimi mwenyewe nina deni. Tofauti ni kwamba tarehe ya kulipa ni mara moja kwa mwezi na mimi nilikuwa nalilipa kila usiku, saa saba mpaka saa kumi, na asubuhi lipo palepale na mimi sina nguvu ya kwenda kulitafutia.

Alafu kitu kingine watu hawakisemi. Kudaka hisia sio lazima uishushe. Kuna hasira nimeidaka, nikaikagua mbele nyuma, nikaikuta ina haki zake zote. Kuna mtu kazini alikuwa anawasilisha kazi zangu kwa jina lake. Zamani ningenyamaza miezi sita nikaja kulipuka kwa ajili ya kalamu. Safari hii nikaenda siku ya pili yake, sauti ya kawaida, nikasema. Hakufurahi. Ila alikoma.

Daftari sasa. Asili yake ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, miaka ya 1960. Alikuwa anawatibu watu wenye sonona, yani depresheni, akagundua kwamba pembeni ya maneno wanayomwambia kuna mengine yanapita kichwani mwao fasta fasta, mtu mwenyewe hayashtukii, "namchosha huyu daktari", "mimi sifai kitu", na wanayaamini bila kuyahoji. Akaanza kuwafundisha kuyadaka na kuyaulizia ushahidi. Matibabu mengi ya mazungumzo ya siku hizi yana kipande cha huyu mzee. Alifariki 2021 akiwa na miaka 100.

Mimi nachora mistari tu. Nawapa ukurasa mmoja jinsi ulivyo, sijaupamba:

Kilichotokea: nimesalimia kwenye kikao, hakuna aliyeitikia.
Nilichokisikia kichwani: hawa watu hawanitaki.
Jina lake: soni. Na unyonge kidogo.
Ushahidi: hawakuitikia.
Ushahidi mwingine: mmoja alikuwa na simu sikioni. Wawili walikuwa wanabishana kuhusu projekta. Nilisalimia kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Ule mstari wa mwisho niliuandika nikacheka. Msinielewe vibaya, sio kila ukurasa unaishia vizuri, kuna siku ushahidi umenigeuka mwenyewe, nimekuta kweli nilimkosea mtu. Basi hapo unaenda kuomba radhi. Na hiyo pia inaondoa uzito, tena kuliko kujifariji.

#6 bintimpole_

Kaka Kobe asante kwa uzi. Swali langu, hayo ya asubuhi na daftari ni mazuri kwa mtu mwenye nafasi, mimi nina watoto wawili wadogo sina ata dakika mbili za chooni peke yangu. Na tatizo langu sio mawazo ya usiku, ni hasira ya palepale. Nikija kushtuka nishapiga kelele mtoto analia na mimi nalia. Hapo unadakaje?

#7 Kobe Mzee

Dada yangu hapo kichwa kimechelewa, mwili ndo unajua mapema. Kila mtu ana dalili yake inayotangulia sekunde mbili tatu hivi kabla ya mlipuko. Yangu ni taya, meno ya juu na ya chini yanakutana, na nimeijua kwa sababu mke wangu ndo aliniambia, "ukikaza hivyo huwa tunajua kimenuka". Yeye ni masikio, yanapata moto. Wewe itafute yako, usifanye kingine chochote wiki hii, usijaribu ata kuacha kufoka, we chunguza tu kabla ya kufoka mwili ulifanyaje. Mabega? Mikono? Pumzi imekatikia juu kifuani?

Ukishaijua, pale inapogonga toa pumzi nje taratibu, ndefu kuliko uliyovuta. Mara tatu tu. Moyo huwa unakwenda kasi kidogo ukivuta na unapunguza ukitoa, kwahiyo ukirefusha kutoa unaushika kidogo breki. Hizo pumzi tatu hazihitaji chumba wala ukimya, unaweza kuzitoa umeshika mtoto mkono huku na sufuria mkono huku.

Nyingine inaonekana ya kichaa, jiongeleshe kwa jina lako. Sio "kwa nini nina hasira hivi", sema "we fulani, kinachokuudhi hapa ni nini hasa?" Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliandika hilo 2014, mtu akijiita kwa jina anajitazama kama anavyomtazama rafiki, anajizidi akili kidogo. Sisi wote tuna ushauri mzuri sana kwa watu wengine, si ndio?

Na utafoka tena. Mi bado nafoka. Ila zamani nilikuwa najua nimefoka saa mbili baadae, sasa hivi najua nikiwa katikati ya sentensi, na nimewahi kuikata sentensi katikati nikamwambia mtoto samahani baba amekosea. Aliniangalia kama nimeota mapembe.

#8 mgeni_wa_usiku

Samahani naingilia. Mimi nimejaribu hiyo meditesheni mara tatu, nikifumba macho ndo kama nimefungua mlango, yanaingia yote kwa pamoja mpaka nashindwa kuhema. Na sasa hivi ni mwezi wa pili sina hamu na kitu. Mpira nilikuwa sikosi mechi, siku hizi wanafunga goli naangalia tu. Kutoka kitandani ni kazi. Nadhani mi ndo sijui kufanya.

#9 Kobe Mzee

Ndugu yangu, hapana, sio kwamba hujui kufanya. Acha kufumba macho kuanzia leo. Kuna watu kukaa kimya kunawaongezea, hilo linajulikana kabisa na sio udhaifu. Kama unataka kitu cha kufanya, tembea macho wazi, hesabu hatua, taja vitu unavyoviona.

Ila hilo la pili nalisema bila kuzunguka. Ukikosa hamu na kila kitu, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili, hapo tayari madaktari wanafikiria sonona, na wewe umesema mwezi wa pili. Sio mambo ya uzi huu hayo. Nenda hospitali, waambie hivyo hivyo ulivyoandika hapa, ata hiyo ya goli waambie. Watakupima na vitu vingine maana ata tezi ya shingoni ikizembea au damu ikipungua mtu anaweza kuwa hivyo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote. Na kama kuna wazo la kujidhuru linapita, usisubiri kesho, mwambie mtu aliye karibu na wewe leo leo. Nimekutumia pm.

#10 bintimpole_

@mgeni_wa_usiku mimi nilipita hapo baada ya kujifungua. Nilienda. Nilidhani wataniona mvivu, hakuna aliyeniona mvivu. Nenda mpenzi.

#11 mgeni_wa_usiku

Nimesoma pm. Asanteni. Jumatatu.

#12 Fundi Redio

Mgeni tupo pamoja kijana.

Mkuu nimerudi. Nimejaribu hiyo ya kuhesabu, nimefika sita. Nilikuwa nakuwazia wewe nikujibu nini 😀 Swali, wanasema ukifanya kitu siku 21 kinakuwa mazoea, ni kweli?

#13 Kobe Mzee

Hahaha sita sio mbaya, na umegundua ulikuwa unanijibu mimi, hiyo ni pushapu.

Siku 21 achana nazo. Chuo kimoja cha London, UCL, Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 kila mmoja kajichagulia kakitabia kake kadogo ka kila siku, kunywa maji, kukimbia kidogo, vitu vya hivyo. Wastani wa kitabia kuanza kujiendesha chenyewe ulikuwa siku 66, ila kuna aliyechukua 18 na kuna aliyekadiriwa 254. Na ukikosa siku moja haiharibu kitu. Hiyo ya mwisho iliniokoa, maana mwezi wa tano niliacha siku kumi na tisa mfululizo, msiba, safari, uvivu, vyote. Zamani ningesema nishaharibu basi. Siku ya ishirini nikakaa nikahesabu nikafika tatu.

Kilichonisaidia zaidi ni kulifunga zoezi kwenye kitu ambacho nakifanya tayari. Nikitoka kupiga mswaki nakaa. Sijiulizi leo nina mudi au sina.

#14 Kiroboto77

Uzi umetulia huu. Ila Kobe umetuacha njia panda toka posti namba moja. Bosi alikuwa anataka nini?

#15 Kobe Mzee

Printa. Alikuwa hajui kuiwekea itoe karatasi pande mbili.